Sanduku haliwezi kuvutwa: walichosema wachezaji wa mchezo wa depo

Hotuba iliyotolewa Lubumbashi mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza programu, ikaandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Wababa, wamama, vijana, na ninyi mliosimama kule dirishani kwa sababu viti vimekwisha: jambo yenu wote.

Nimeombwa niseme watu walisema nini baada ya kuucheza mchezo wa depo, huu ambao vijana wa mstari wa mbele wameutengeneza na kuupitisha kwenye mikono ya watu huko Katuba, Kenya na Kamalondo, mitaa ya hapa mjini. Daftari la maoni ninalo hapa. Sitalisoma lote. Kurasa nyingi zimejaa "iko muzuri", "bravo", "muendelee vile vile", na hizo nimeziruka. Aliyeandika "iko muzuri" alikuwa anamhurumia kijana aliyesimama mbele yake akingoja simu irudishwe. Hiyo ni adabu njema, lakini fundi hawezi kuifanyia kazi. Nitakaa na waliolalamika. Imani yangu ni moja: mchezaji anayelalamika huwa amegusa penyewe panapouma, ila dawa anayoitaja mara nyingi si yenyewe. Kazi yenu ninyi watengenezaji ni kuamini kidonda na kuishuku dawa.

Kwa wasioujua mchezo, nieleze haraka. Unaiona depo, yaani ghala, kutoka juu: kuta, masanduku, alama sakafuni, na mtu mmoja. Mtu huyo anakwenda juu, chini, kushoto, kulia. Akikuta sanduku analisukuma hatua moja, mradi mbele yake pako wazi. Mawili kwa pamoja hawezi. Kuvuta hawezi kabisa. Masanduku yote yakikaa kwenye alama, nivo, yaani ngazi moja ya mchezo, imekwisha. Hakuna adui, hakuna risasi, hakuna saa inayokukimbiza.

Sheria hizo ni za Mjapani Hiroyuki Imabayashi. Alizibuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1982 kampuni ya Thinking Rabbit, ya mji wa Takarazuka, ikautoa mchezo huo kwa jina la Sokoban kwa kompyuta za wakati ule. Mwaka 1988 kampuni ya Spectrum HoloByte iliuuza Marekani, mwaka ule ule ilipouza huko Tetris ya Mrusi Alexey Pajitnov. Tetris kila mtu humu anaijua, hata kama ni kwa kile kimashine cha mkononi cha matofali. Sokoban jina lake halikufika mbali hivyo, lakini mawe na masanduku yake yamejaa ndani ya michezo mingine, na wengi wenu mmeyasukuma bila kuuliza yametoka wapi.

Basi, malalamiko.

La kwanza, na ndilo lililoandikwa mara nyingi kuliko yote: "iko nguvu". Mchezo ni mgumu. Mmoja wa walioliandika ni manseba anayeegesha pikipiki yake karibu na soko la Kenya, ambaye hucheza akingoja abiria. Alipendekeza nivo zipunguzwe masanduku. Vijana walikuwa tayari kumtii. Nikawaambia wangoje, waende wakakae naye, wasimwambie kitu, watazame kidole chake tu.

Walichokiona ni hiki. Kwenye nivo ya nne, mtu huyu alilisukuma sanduku la kwanza hadi ukutani, upande ambao hauna alama hata moja. Sanduku likishagusa ukuta kama ule, unaweza kulitembeza kando ya ukuta utakavyo, lakini kuliondoa hapo huwezi, maana ungepaswa kusimama ndani ya ukuta ili ulisukume. Nivo ilikuwa imekufa. Yeye hakujua. Akaendelea kwa dakika nyingi, akayapanga masanduku mengine vizuri sana, na alipolirudia lile la kwanza ndipo akaona. Akazima simu. Akaandika "iko nguvu".

Sasa mniambie: nivo ile ilikuwa ngumu? Hapana. Ukiijua, unaimaliza upesi. Kilichomuumiza ni ule muda kati ya kosa na kulitambua kosa. Kwenye mpira, golikipa akiteleza, goli linaingia pale pale na uwanja mzima unapiga kelele. Hapa unateleza, uwanja uko kimya, na unaendelea kucheza mechi uliyokwisha kushindwa. Ukimpunguzia masanduku bila kugusa jambo hilo, atakufa vile vile, na masanduku machache.

Na idadi ya masanduku haisemi mengi juu ya ugumu. Kuna seti ya nivo 90 inayojulikana tangu zamani kwenye kompyuta za Unix, inaitwa XSokoban. Nivo yake ya kwanza ina masanduku 6 tu, na njia yake fupi inahitaji misukumo 97. Katika daftari hili, nivo iliyolaaniwa kuliko zote ina masanduku mawili. Chumba chake ni kidogo kiasi kwamba ukitaka kufika upande wa pili lazima kwanza ulisogeze sanduku usilotaka kulisogeza. Mama mmoja aliandika kwamba hiyo ilimnyima usingizi, na pembeni akaichorea nyota. Nivo kubwa zenye masanduku mengi watu walizipita na hawakuzikumbuka.

Kumbe kifo cha kimya ndicho kidonda. Vijana walipoelewa hivyo, wakaja na dawa yao wenyewe: taa. Sanduku likifa, liwe jekundu. Inasikika vizuri, na wachezaji wawili watatu waliiomba pia. Hapa ninaomba mnivumilie, maana ndipo tulipobishana kwa muda mrefu zaidi.

Kuna vifo vyepesi kuvitambua. Sanduku kwenye kona isiyo na alama: limekufa, hata mtoto anaona. Sanduku kwenye ukuta usio na alama: limekufa. Masanduku mawili yanayogusana kando ya ukuta: hakuna hata moja litakalotoka hapo. Manne yaliyobanana kwa mraba: hayaendi popote. Vyote hivyo programu ndogo inavitambua mara moja. Lakini viko vifo vingine ambavyo havionekani kwa kutazama sanduku moja. Kila sanduku linaonekana zima, kila moja lina njia, ila ukilitoa hili unalifunga lile, na ukilitoa lile unaifunga njia yako mwenyewe. Ili ujue kwa hakika kwamba nivo imekufa namna hiyo, unapaswa kuitatua nivo yenyewe. Na kuitatua ni kazi nzito hata kwa mashine. Mwaka 1997 Joseph Culberson wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alithibitisha kwamba Sokoban iko kwenye daraja la matatizo ambayo hakuna aliyewahi kuyapatia njia ya mkato inayofaa kila nivo. Chumba kikiongezeka kidogo, kazi inaweza kuongezeka kupita kiasi. Kwenye chuo hicho hicho, Andreas Junghanns na Jonathan Schaeffer walitengeneza programu iitwayo Rolling Stone kwa ajili ya mchezo huu tu. Ilitatua zaidi ya nusu ya zile nivo 90, zilizobaki zikaishinda. Na msidhani Schaeffer ni mtu wa mchezo mchezo: mwaka 2007 yeye na wenzake walitangaza kwamba wameitatua yote dame, mchezo wa kete, ile ya miraba 64, wakaonyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Sasa rudini kwenye taa. Tukiiweka, itawaka kwa vifo vyepesi na kunyamaza kwa vile vizito. Mchezaji ataizoea. Ataanza kuamini kwamba isipowaka, bado yuko salama. Hapo tutakuwa tumempa mashine inayomdanganya kwa kunyamaza, tena wakati ule anaouhitaji ukweli zaidi. Mimi nilikataa taa, na bado ninaikataa. Kijana aliyeiandika, mnamwona hapa mbele anavyotikisa kichwa, hakubaliani nami hadi leo. (Vicheko.)

Tulichokubaliana ni kitufe cha kurudi. Unagusa, hatua moja inarudi nyuma. Unagusa tena, nyingine. Unaweza kurudi hadi mwanzo wa nivo. Kitufe hakikuambii umekufa wala umekufa wapi. Kinakupa tu ruhusa ya kwenda kupatafuta mwenyewe. Manseba wetu alipopewa toleo lenye kitufe, vijana wakatazama kidole tena. Alikufa pale pale, ukutani. Akarudi hatua moja moja, akafika kwenye ule msukumo wa kwanza, akasimama. Akasema: "Ah, njo hapa," yaani kumbe ndipo hapa. Nivo ya nne, ile aliyotaka ipunguzwe, akaimaliza ikiwa na masanduku yake yote.

Lakini msidhani kila mtu alifurahi. Kuna mzee wa Kamalondo, mcheza dame wa miaka mingi, aliyekiona kitufe akaweka simu mezani. Kwake, ukigusa kete umecheza. Mchezo ambao kosa halina gharama si mchezo, ni kuchezea. Maoni yake yanajaza ukurasa mzima na ndiyo niliyoyafurahia kuliko yote, ingawa siyafuati. Kwenye dame yuko mtu wa pili. Ukirudisha kete unamwibia yeye. Hapa ndani ya depo hakuna wa kuibiwa. Na gharama bado ipo: ni kule kufikiri upya. Kurudi nyuma hakumpi mtu jibu, kwa kuwa asipobadilisha mawazo yake atakwenda kufa mahali pale pale mara nyingi kadiri atakavyo.

Pamoja na hayo, mzee alikuwa ameshika kitu. Alikuwa anasema kwamba kwa mtu mwenye uzoefu mchezo umekuwa laini. Dawa yake ilikuwa kukiondoa kitufe. Tukaweka hesabu ya misukumo juu ya kioo, na kando yake hesabu ndogo kabisa ambayo vijana wameipata kwa nivo hiyo. Sasa mzee hajali tena kumaliza. Anataka kumaliza kwa misukumo michache kuliko wao, na kwenye nivo mbili ameshawapita.

Kwa wale mnaofuatilia michezo ya siku hizi: hakuna jipya katika hili. Baba Is You, ya Arvi Teikari wa Ufini, iliyotoka mwaka 2019, ni mchezo wa kusukuma kama huu, isipokuwa humo unasukuma hata maneno yanayounda sheria zenyewe. Ni mgumu kweli kweli, na unakuruhusu kurudi nyuma utakavyo. Hakuna aliyeuita mchezo wa watoto kwa sababu ya kitufe.

Sasa maoni ya ajabu kidogo. Kijana mmoja anafanya kazi ya kubeba mizigo kwenye depo ya unga wa mahindi. Alicheza kidogo akacheka. Akaandika: "Sisi ku depo tunavutaka. Huyu mutu wenu hajui kazi." Mnacheka, lakini ana haki. Hakuna mbeba mizigo mjini hapa asiyeweza kuvuta gunia. Dawa yake: mtu wa mchezo naye avute. Tukijaribu hivyo, mchezo unayeyuka. Ukiweza kuvuta, karibu kila kosa linafutika, na hakuna cha kufikiria. Katazo lile moja ndilo mchezo wenyewe.

Ila nilipolifikiria neno lake, nikaona ametupa kitu kikubwa kuliko alivyokusudia. Mtengenezaji wa nivo ndiye anayepaswa kuvuta. Weka masanduku kwenye alama zake, depo ikiwa imekwisha kupangwa, kisha mwache mtu ayavute nje moja moja hadi yatawanyike. Popote yatakapofika, unajua nivo hiyo ina jibu, kwa kuwa mchezaji atakwenda njia ile ile kinyume. Na mraba ambao sanduku haliwezi kufikishwa kwa kuvutwa kutoka kwenye alama yoyote ni mraba wa kifo. Ndivyo programu za kutatua zinavyoitambua miraba hiyo. Binti mmoja wa Katuba, ambaye daftari linasema ana miaka kumi na mbili, aligundua hili peke yake akiwa mchezaji: alianza kuangalia alama, akajiuliza sanduku la mwisho lazima liingie kutoka upande gani, kisha la kabla yake. Hakuna aliyemfundisha. Nivo tatu za mwisho amezimaliza kabla ya kaka zake.

Nipite haraka kwenye sura ya mchezo. Vijana waliuchora kwa makusudi kama mchezo wa zamani, vipande vikubwa vya rangi, rangi chache, mtu asiye na uso. Kompyuta ya PC-8801, ambayo Sokoban ya kwanza ilichezwa juu yake, ilikuwa na rangi 8 tu, na vijana walijiwekea kiasi hicho hicho. Watu wenye umri wangu waliandika kwamba sura hiyo inawakumbusha utoto. Watoto waliandika kwamba ni mbaya. Ningeyaacha hayo yapite, kila mtu na macho yake, lakini kati ya waliosema "mbaya" walikuwapo watu wazima kadhaa, na wote walicheza nje, mchana. Tukatoka na simu juani. Alama za sakafuni hazikuonekana kabisa! Rangi yake na rangi ya sakafu zilikuwa zinakaribiana, na kwenye simu ya bei ndogo yenye mwanga hafifu zilikuwa kitu kimoja. Watu walikuwa wanasukuma masanduku bila kuona pa kuyaweka, halafu wanasema picha ni mbaya. Sasa alama ina umbo lake, msalaba mnene, na sanduku likiifikia linageuka umbo. Hatukuongeza hata rangi moja.

Saa. Wachache waliomba saa inayohesabu kurudi nyuma, ili mchezo "uchangamke". Hapana. Anayecheza kati ya abiria wawili, au umeme ukiwa umekatika na betri iko robo, anataka kuiweka simu mfukoni na kuikuta depo yake kama alivyoiacha. Sina zaidi.

Mama mmoja mwenye watoto shuleni aliuliza swali zuri: mchezo huu unamfundisha mtoto nini? Vijana walitaka nijibu kwamba unakuza akili. Sitasema hivyo. Nimefundisha hesabu kwa muda mrefu vya kutosha kujua kwamba mtoto anayesukuma masanduku anakuwa hodari wa kusukuma masanduku, na kama hiyo inahamia kwenye mtihani wa shule, sitamwahidi mama wa mtu. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mchezo huu haumhadai mtoto. Kila kitu kiko wazi mbele yake tangu hatua ya kwanza, hakuna bahati, hakuna cha kununua ili ushinde, na hautumii mega za intaneti ukishaingia kwenye simu. Akichoka anaacha. Mimi ningemruhusu mwanangu, baada ya kula bukari na kumaliza kazi za shule.

Kwa ninyi mnaotaka kuanza kutengeneza wa kwenu, msiogope. Stephen Lavelle alitoa mwaka 2013 chombo cha bure kiitwacho PuzzleScript, na humo sheria nzima ya kusukuma sanduku inaandikwa kwa mstari mmoja. Nivo yenyewe ni maandishi tu: alama moja kwa ukuta, nyingine kwa sanduku, nyingine kwa mtu. Unaweza kuichora nivo kwenye karatasi ya hesabu mkiwa mmekaa gizani na mshumaa, ukaiandika kwenye kompyuta kesho yake. Kuandika sheria kutakuchukua jioni moja. Kuwatazama watu wakicheza bila kuwasemesha, hiyo ndiyo itakayokuchosha, kwa sababu mdomo wako utataka kusema "hapana, siyo huko" kila mara. Funga mdomo. Ukimwonyesha njia, umepoteza maoni yake, hutayapata tena.

Toleo linalofuata, basi. Kitufe cha kurudi kinabaki, na hesabu ya misukumo pia. Nivo ya nne inakwenda kuwa ya pili, ikiwa na chumba kidogo zaidi, ili kifo cha ukutani watu wakione mapema, mahali ambapo kukirudia kunagharimu hatua chache. Nivo ya masanduku mawili, ile yenye nyota, haiguswi. Taa nyekundu bado tunaibishania, na baada ya hotuba mnaweza kumfuata kijana yule awape upande wake, ambao nimeueleza kwa ufupi kuliko anavyostahili.

Imebaki sauti. Kuna kijana hapa aliyetunga muziki wa mchezo huu, muziki wa milio ya zamani, na kwa kweli ni mzuri. Nimetafuta maoni juu yake kwenye daftari lote. Hakuna hata mstari mmoja. Tumewauliza wachezaji: wote walikuwa wamezima sauti.